Mieleka ya Mwezi Mtukufu

Mwalimu aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilimjibu vibaya. Mara ya kwanza tulikuwa peke yetu, tunakunja turubai. Alisema Ramadhani imetukuta katikati ya mazoezi, na vijana wa timu ya Wazo tutakutana nao wiki moja baada ya Idd, kwa hiyo kama nataka anaweza kulisogeza pambano la kumchagua mtu wa uzito wetu mpaka siku ya pili ya Idd, nikiwa nimekula na kunywa kama watu. Nikamwambia hakuna haja. Mara ya pili aliniuliza mbele ya wenzangu wote, na hapo kosa lilikuwa lake. Kijana wa miaka kumi na saba, mbele ya wenzake, ana jibu moja tu.

"Hata leo, Mwalimu," nikasema. "Mie nafunga tangu mdogo."

Wakapiga makofi. Akapanga siku, Jumamosi ya kumi la pili, saa kumi na moja jioni.

Uwanja wetu ulikuwa Mtoni, nyuma ya karakana ya seremala mmoja aliyetuachia maranda yake bure kwa sharti kwamba tuyazoe wenyewe. Tuliyamwaga chini, tukayashindilia, tukatandika turubai la lori juu yake, na hapo ndipo tulipobwagana. Mwalimu alijifunza mieleka jeshini. Baadaye alifanya kazi kwenye shirika la umma, mpaka walipoanza kupunguza watu naye akapunguzwa, akawa anauza viatu vya mitumba. Humo humo kwenye mitumba alitupatia sare. Zilikuwa nguo za kubana zenye kamba mabegani, na alituhakikishia kwamba ndizo wanazovaa wenzetu huko nje. Ilichukua miezi mitatu mpaka dada yangu mkubwa alipopita akacheka hadi akakaa chini, akatuambia zile ni nguo za kuogelea za kike. Tuliendelea kuzivaa. Hatukuwa na nyingine.

Mpinzani wangu alikuwa rafiki yangu. Baba yake alikuwa mchonga vinyago kutoka kusini, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na shati lililopigwa pasi, na nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Tulikua pamoja. Idd alikula kwetu, Krismasi nilikula kwao, na mama yangu alimwita mwanangu bila kufikiri. Tangu utotoni alikuwa akimshikia baba yake magogo ya mpingo wakati wa kuchonga, kwa hiyo mikono yake, kuanzia kwenye kiwiko kushuka, haikuwa mikono ya kijana wa umri wetu. Akikukamata kiunoni ulikuwa unajua umekamatwa. Kwa kusema kweli, tukikutana mara kumi alinipiga saba.

Watu wanadhani mieleka ni misuli. Misuli ni ya dakika tano. Kilichobaki chote kinapita kichwani, tena siku nyingi kabla. Mcheza mpira akifungwa ana wenzake kumi wa kuwalaumu. Mcheza mieleka akibwagwa ni yeye, na mgongo wake, na vicheko. Mimi sikuogopa maumivu hata kidogo. Nilichoogopa ni ile nafasi fupi baada ya mgongo kugusa turubai, unapotazama juu na kuona nyuso za watu wanaokujua, na wao wanakuona ulivyo. Kwa ajili ya kuikwepa nafasi hiyo niliwahi kukosa usingizi wiki nzima. Na nilikuwa na ugonjwa mwingine ambao leo naujua, wakati ule nikiuita ujasiri: nilikuwa nasikiliza huruma kila mahali. Mtu akiniachia kiti, namtazama mara mbili.

Nafasi ya uzito wetu ilikuwa moja. Sikuwahi kuchaguliwa kwa kitu chochote maishani, si shuleni, si madrasa, si kwenye timu ya mpira ya mtaa ambako nilikuwa nashika nguo za wanaocheza. Baba alisema mieleka ni kazi ya wahuni. Mama ndiye aliyenitetea, na Ramadhani ile alikuwa ameshaanza kutamba bombani, akiwaambia wanawake wenzake kwamba mwanawe anafunga na bado anapiga mieleka. Nilitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka nisomwe jina.

Siku nne kabla ya pambano tulifanya mazoezi, mimi na yeye. Nilikuwa nimefunga, jua la Februari limenikausha, na miguu ilikuwa inatetemeka tangu naivaa ile nguo. Akanikamata, nikaona anaweza kuninyanyua, kisha nikaona anaacha. Alilegeza mikono makusudi akaniacha niipate nafasi. Nilimwangusha. Wenzetu wakashangilia, na mimi damu ikanipanda usoni.

Nikamvuta pembeni, nyuma ya rundo la mbao. Nilimwambia maneno mengi ambayo sitayaandika. La mwisho lilikuwa kwamba Jumamosi akinionea huruma tena, mimi na yeye basi, asinijue na nisimjue.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kuchelewa kujibu.

"Sasa unataka nifanyeje?" akaniuliza. "Nikikupiga kwa nguvu zangu zote wakati wewe hujala, hiyo haki?"

"Hiyo shida yangu. Wewe piga."

Akaniangalia, akasema sawa, atapiga. Nikaondoka nikijiona mwanamume.

Jumamosi mama aliniamsha daku mapema kuliko siku zote. Alikuwa amenipikia wali wa nazi na maharage, akanipakulia sahani ya baba, akakaa mbele yangu kuhakikisha naimaliza. Nilikula vijiko vitano. Hofu ilinizuia kuendelea. Alfajiri ikaadhiniwa, sahani ikabaki, mama akaifunika. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa najua nitapigwa. Nilijaribu kubeba ndoo ya maji kutoka bombani, nikasimama njiani mara mbili. Nikaona nyuso zote nitakazoziona nikiwa chali.

Mchana sikuamua. Ndivyo nilivyojiambia kwa muda mrefu, kwamba miguu ilikwenda yenyewe, lakini ni uongo. Nilichagua hata njia. Nilipita uchochoroni kuepuka msikiti wetu, nikatembea mpaka nje kidogo ya Keko, mahali ambapo sikujulikana. Mama ntilie mmoja alikuwa ametundika magunia kuzunguka banda lake, kama walivyofanya wote mwezi ule, ili anayekula ale kwa siri na anayepita asitamanishwe. Chini ya magunia ilionekana miguu ya walaji tu. Sisi kwetu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha tulimwita kobe, na utotoni nilikuwa kiongozi wa kuwazomea makobe wa mtaa mzima. Nikainamisha kichwa, nikaingia.

Mama ntilie alinitazama kofia. Nilikuwa nimesahau kuivua.

"Wewe si Muislamu, baba?" aliniuliza taratibu, bila ubaya.

Nikaivua, nikamwambia hapana, mimi ni mtoto wa kusini, baba yangu anachonga vinyago, kofia nimeazima kwa ajili ya jua. Lilinitoka bila kutafuta. Akaniambia basi kula mwanangu, huna kosa. Nikala wali na samaki wa kukaanga, nikanywa maji vikombe vitatu, macho yangu kwenye miguu inayopita nje. Kila kiatu kilichosimama nilidhani ni cha mtu wa Mtoni. Nilikuwa nimeazima baba wa rafiki yangu na dini yake ili nikapate nguvu za kumpiga, na la ajabu ni kwamba nilichoona ni aibu pale ilikuwa kuonekana tu. Nilipotoka nilisukutua, nikachuma majani ya mpera kwenye ua wa watu, nikayatafuna mpaka ulimi ukakauka.

Saa kumi na moja watu walikuwa wameshajaa. Mama naye alikuja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla, akasimama mbali na wanawake wenzake wawili. Sharti lilikuwa moja: anayemwangusha mwenzake mara mbili, mgongo ukagusa, ameshinda.

Mweleka wa kwanza alinipiga. Alinipiga kweli, bila kuniachia, kama nilivyomwagiza. Alinikata ngwala nikiwa nasukuma, nikaona mbingu. Nilisikia vicheko vichache, na sauti ya mwanamke ikisema masikini, kafunga huyo. Niliinuka nimejaa hasira. Mweleka wa pili nikampiga mimi. Sikutegemea kuwa rahisi vile. Nilimvuta, akaja, nikamzungusha akaenda chini, na alipoinuka alishika magoti akakaa hivyo kwa muda.

Mwalimu akatupa nafasi ya kupumua. Mtoto mmoja akazungusha kopo la maji. Mimi nikasukutua nikatema, kwa makini, ili wote waone kwamba nimetema. Mwenzangu alipopewa kopo alilipokea, akamwagia maji kichwani, akalirudisha. Hakunywa. Midomo yake ilikuwa imepasuka na kwenye pembe kulikuwa na weupe. Nikafikiri anajionyesha. Anataka watu waseme hata maji hakuyahitaji kunipiga mimi. Nikazidi kumchukia, na naandika neno hilo kwa sababu ndilo lililokuwepo.

Mweleka wa tatu tulikamatana mapema, kifua kwa kifua, kidevu changu begani kwake na chake begani kwangu. Mwalimu alikuwa akituzunguka akiinama kutazama migongo. Tulisukumana muda mrefu, hakuna aliyesogea. Ndipo alipogeuza kichwa kuvuta hewa, na pumzi yake ikanipiga usoni.

Mtu aliyekulia katika nyumba ya wanaofunga anaijua harufu ile. Ni ya mdomo uliokaa tangu jana bila kitu, chungu kidogo, kavu. Niliisikia kwa baba kila alasiri ya Ramadhani akinifundisha kusoma, niliisikia kwa mama. Haidanganyi wala haifanani na ya mtu aliyechelewa kula mchana. Nikabaki nimemshika, nikielewa taratibu, kitu kimoja baada ya kingine: ngwala aliyonipiga mara moja kisha akaishiwa, magoti, kopo la maji. Amefunga. Nilimkataza huruma, akatafuta njia ya kunipiga bila kunidhulumu, akaiona moja tu.

Na kama mimi niliisikia ya kwake, yeye aliisikia ya kwangu. Majani ya mpera hayafiki kooni. Niliusikia mwili wake ukisimama. Mikono yote miwili, ile mikono ya mpingo, ikatulia mgongoni mwangu kama ya mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Nimeulizwa na wanangu, wakubwa sasa, kama nilishinda kwa bahati. Hapana. Nilikuwa na muda. Ningeweza kumwachia, kusema bega limeniteguka, kuinua mkono. Nilikuwa najua kila kitu. Na nilimwona mama kule mbali ameshika shavu, nikawaona wote wanaonijua, nikashuka chini, nikamkumbatia mapaja, nikamnyanyua nikambwaga kwa nguvu zote za wali na samaki. Alianguka chali. Mwalimu akapiga kofi turubai, na watu wakapiga kelele.

Aliinuka mwenyewe. Alinipa mkono, akasema hongera, akaenda kuvaa shati.

Mama alikuwa ameshasema tangu jana kwamba yeyote atakayeshinda, Mwalimu na sisi wawili tutafuturu kwetu. Tukakaa kwenye mkeka uani, Mwalimu, baba, mimi na yeye, mbele yetu uji, tende, mihogo ya nazi na magimbi. Zilikuwa zimebaki kama dakika kumi. Mama akamtengea mwenzangu bakuli lake la uji, akamwambia aanze tu, asitusubiri sisi, yeye hahusiki na adhana.

"Nasubiri, mama," akasema. "Leo na mie nimefunga."

Mama alicheka, akidhani ni utani. Alipoona hacheki akamuuliza amefunga kwa nini. Akasema alitaka tuwe sawa. Mama akamuuliza kama alikula daku. Akasema hakula, kwa sababu angeamka saa zile kula baba yake angemuuliza maswali, kwa hiyo alikula jana jioni akalala. Mama akaweka sinia chini. Alimtazama yule kijana kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama mimi, machozi yakamlengalenga, akaenda ndani kumletea maziwa aliyokuwa amemwekea baba.

Mwalimu alitikisa kichwa muda mrefu. Nadhani tangu apunguzwe kazi hakuwa amepata kitu kizuri cha kusimulia. Akasema hajawahi kuona vijana wa namna hii, na kwamba kama kulikuwa na mtu wa kusema aliyefunga kaonewa au aliyekula kapendelewa, sasa hana la kusema. Akasema wote wawili tumekutana na njaa moja. "Ushindi huu ni halali kabisa," akasema, akanipiga begani.

Nilikuwa na tende mkononi. Mwenzangu alikuwa anatazama uji wake. Nilisubiri aseme, na sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa mdomo wake dakika zile. Jasho lilinitoka kuliko uwanjani. Adhana ikaanza. Baba akasoma dua, na rafiki yangu akatuangalia mikono ili ajue wakati wa kuanza. Kisha akala tende yake. Mimi yangu niliitafuna mpaka wengine wameshamaliza uji, haikushuka.

Nilimsindikiza mpaka kwenye kona ya nyumba yao. Akaweka mkono kwenye mlango wa ua.

"Samaki," akasema.

Sikukana. Nikamwambia kesho asubuhi naenda kwa Mwalimu kumwambia, nafasi ni yake. Nilikuwa namaanisha, au nilidhani namaanisha. Alifikiri kama kawaida yake.

"Ukimwambia Mwalimu, keshokutwa mama yako ataambiwa bombani. Umemwona alivyokuwa anatupakulia?" Akafungua mlango. "Nenda Wazo. Ila ukienda ukapigwa, hapo ndipo mie na wewe basi."

Akaingia. Na hili ndilo ninalolionea aibu kuliko samaki, kuliko hata ule mweleka: nilirudi nyumbani nimefurahi. Kifua kilifunguka kabisa. Nililala usingizi mzuri, nikafunga siku zote zilizobaki bila kuchoka, na baada ya Idd nikalipa ile siku moja niliyoila, nikajiona nimemalizana na Mungu.

Wazo tulikwenda kwenye lori, tumesimama. Yeye alikuja kushika nguo zetu. Uwanja wao ulikuwa wa magodoro halisi, na vijana wao, watoto wa wafanyakazi wa simenti, walikuwa wameshiba na wamevaa sare zinazofanana, wakazicheka zetu. Niliyepangiwa alikuwa mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima. Sikumwogopa. Nilimwogopa aliyesimama nyuma ya kamba na mzigo wa mashati ya watu mkononi. Nilipigana nikimtazama yeye, nikapigwa mweleka wa kwanza, nikamwona anageuka pembeni, na sijui nguvu za wa pili na wa tatu nilizitoa wapi. Nilishinda. Siku ile sisi wa Mtoni tulishinda mapambano mawili tu, na moja lilikuwa langu.

Wenzangu waliruka kamba wakaja kunibeba. Nilisikia mikono ya watu wengi, kisha nikasikia miwili inayonikamata chini ya magoti, na sikuhitaji kutazama. Alinitupa mabegani mwake akasimama. Akanizungusha uwanja mzima, mbele ya vijana wa Wazo, mbele ya Mwalimu aliyekuwa analia bila kujificha, na wote wanaliimba jina langu, naye anaimba. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Nikainama mpaka kwenye sikio lake nikamwambia nishushe. Nikamwambia tena, nakuomba, nishushe. Alinisikia. Akanikaza miguu kifuani kwake, akaendelea kutembea.